UZI: Sheria ya kukataza walevi kuendesha ipo tangu 1978. Kwa nini Lubumbashi sijawahi kuona mtu akipimwa?

#1 Mama Ruashi (Jumatatu, jioni)

Jambo yenu wote. Huku nasoma tu, siandiki. Leo naandika kwa sababu mudogo wangu ana wiki ya tatu hospitalini, mguu wa kulia umeshikwa na vyuma.

Yeye ni manseba, anabeba watu kwa pikipiki. Usiku wa Jumamosi, kuelekea saa nane, alikuwa anamrudisha mteja upande wa Chaussée de Kasenga. Jipu moja, gari la jeep, ikatoka barabara ya pembeni bila kusimama, ikamsukuma mpaka kwenye mtaro. Mteja aliruka, akachubuka viwiko tu. Mudogo wangu mguu ulibaki chini ya pikipiki.

Watu wa pale walinieleza kwamba mwenye jipu alishuka na kiatu kimoja. Hakumwangalia aliyeanguka. Alianza kuwauliza watu, "Hapa ni wapi? Hapa ni wapi?" Pombe ilinuka mpaka ng'ambo ya barabara.

Polisi wa rulaje, wale wa barabarani, wakaja. Wakapima barabara kwa hatua, wakachora, wakauliza permi ya kuendesha, asiransi, kontrole teknike, yaani karatasi ya ukaguzi wa gari. Karatasi yote ilikuwa sawa. Nilipokwenda kuona maandishi, nilikuta sababu ya ajali imeandikwa hivi: mwendo wa kasi. Neno pombe halimo. Hakuna aliyemwambia yule baba apulize kitu, hakuna aliyemtoa damu.

Sasa naulizia wenye kujua. Wanasema sheria ya kukataza ulevi kwenye usukani ipo tangu zamani. Je, ikikazwa kweli, watu wangepungua kufa? Au tunajidanganya, na shida iko kwingine?

#2 Kijana Katuba

Pole sana mama. Jibu ni fupi: faranga. Mwenye jipu alikuwa nazo, manseba hana. Mengine ni hadithi.

#3 Mutu wa Sheria

Pole, yaya. Mungu amsimamishe mudogo wetu.

Kijana Katuba, si fupi hivyo. Kodi ya barabara tunayotumia, yaani code de la route, ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Inakataza kuendesha ukiwa umelewa, haina fumbo. Kwa hiyo hatukosi sheria. Tunakosa ushahidi. Hakimu hawezi kumhukumu mtu kwa sababu majirani walisikia harufu. Wakili wa mwenye jipu atasimama na kusema, "Mteja wangu alikuwa na mshituko wa ajali, ndiyo maana aliuliza yuko wapi." Utamjibu nini bila namba?

Na angalia jambo lingine ambalo Mama Ruashi amelishika bila kulitaja. Kama karatasi imeandika "mwendo wa kasi", basi mwisho wa mwaka wakihesabu ajali, hii itaingia kwenye fungu la mwendo. Pombe itaonekana haikuua mtu. Kesho mkubwa fulani atasimama kwenye redio aseme ulevi si tatizo kubwa, na kwa makaratasi yake atakuwa anasema kweli.

#4 Dereva RN1

Jambo. Miye niko dereva wa kamyo, miaka 14 sasa, Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa. Minataka niseme kitu moja bantu ba mu muji habaone.

Ku mulango ya mine, ni kusema mugodi, tunapuliza. Kila siku. Saa kumi na moja asubuhi tuko mulongo, bachauffeur wote, na bale ba kazi ya ndani. Mulinzi eko na mashine ya kupima pombe, ndogo sawa telefone, anabadirisha kale kapipa ka plastiki, unavuta pumuzi, unapuliza mpaka ilie. Ikiandika zero, unaingia. Ikiandika kitu kingine, hata kidogo, unarudia ku nyumba, na ukirudiliaka kufanya vile, kazi imekwisha. Hakuna kuomba. Hakuna kusema "papa, nisaidie." Nilionaka mukubwa moja, injinia, na motokari yake ya kazi, anarudishwa mbele yetu sisi bote.

Sasa musikie. Bale banaume banapuliza zero siku sita, siku ya saba njo banakunywa mpaka banalala yulu ya meza, na banashika usukani. Mutu ni yule yule. Pombe ni ile ile. Ku mulango ya mine anaogopa, ku barabara haogope. Miye nilikuwa vile vile, siwezi kubeshea. Nililewaka siku ya mungu moja, nikaangusha motokari ya shemeki wangu mu mutaro ku Kampemba, mwanangu mudogo alikuwa nyuma. Hakufa. Tangu ile siku sikunywe tena na kifunguo mu mufuko.

Kwa hiyo mama, wewe unauliza kama sheria inasaidia. Mi nimeiona inasaidia na macho yangu, mita hamsini ndani ya mulango.

#5 Mwalimu Likasi

#4 ameandika jambo zito kuliko vitabu vingi. Hapo ndipo penye jibu: mtu haogopi ukubwa wa adhabu, anaogopa uhakika wa kukamatwa. Nitarudi kwa hili usiku, nina madaftari ya kusahihisha.

#6 Kamalondo Kwetu

Na miye nimefurahi kujua kuna injinia aliyerudishwa nyumbani 😂 Pole mama Ruashi, sitaki kuchezea uzi wako.

#7 Muuguzi wa Usiku

Aksanti kwa uzi. Nafanya kazi ya usiku pahali wanapoletwa majeruhi, kwa hiyo nitasema ninachokijua, kwa namba.

Sentensi ninayoisikia zaidi ni "nilikunywa moja tu." Ninaamini wengi wanasema kweli. Lakini moja yetu ni chupa ya sentilita 72. Vitabu vingi vya kizungu vikisema "kinywaji kimoja" vinahesabu glasi yenye gramu 10 hivi za alkoli. Chupa yetu ya 72, bia ya asilimia 5, ina gramu 28. Ni karibu glasi tatu zao. Mwanaume wa kilo 70 akiimaliza upesi na tumbo tupu, damu yake inaweza kufika karibu gramu 0.6 kwa lita. Mwanamke wa kilo 60 anapita 0.8, kwa sababu mwili wake una maji kidogo zaidi ya kuizimua. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ziweke mwisho 0.5 kwa madereva wote, na 0.2 kwa wanaoanza kuendesha. Kwa hiyo huyo wa "moja tu" tayari ameshapita.

Sasa sehemu ambayo watu hawataki kuisikia. Ini linaondoa kama 0.15 kwa saa, halina haraka. Kahawa haiharakishi, maji baridi kichwani hayaharakishi, kutapika hakuharakishi kilichokwisha kuingia kwenye damu. Bukari, ugali wetu, inachelewesha pombe kupanda, haiifuti. Mtu aanze kunywa saa mbili usiku, amalize chupa nne saa sita, alale, aoge, avae suti ya kanisa. Saa kumi na mbili asubuhi bado ana karibu 0.9. Anaamini amelala na pombe imekwisha. Anawabeba watoto kwenda misa.

Tunawapokea Jumapili asubuhi pia, si Jumamosi usiku tu.

#8 Kijana Katuba

Muuguzi, yaani nikinywa nne Jumamosi nisiendeshe hata kwenda misa ya kwanza?

#9 Muuguzi wa Usiku

Ndiyo. Nenda kwa miguu, au nenda misa ya mchana.

#10 Nguba Bukavu

Salamu kutoka Bukavu. Sisi huku tunavuka mto Ruzizi na tunaona tofauti kwa macho. Ng'ambo, Rwanda, ukikutwa na pombe hata tone, ulikuwa unalala ndani siku tano na kulipa faranga 150,000 za kwao. Nina mjomba anayeendesha huku Kadutu kama kichaa, akivuka daraja anakuwa padri. Dereva ni huyo huyo, kama alivyosema wa RN1. Nao wana kampeni ya Gerayo Amahoro tangu 2019, mpaka makanisani wanahubiri usalama wa barabarani.

#11 Mutu wa Sheria

Nguba, nikurekebishe kidogo: si "hata tone". Rwanda mpaka wao ulikuwa gramu 0.8 kwa lita, sawasawa na Zambia hapa karibu yetu. Huo haukuwa mpaka mkali, ulikuwa mlegevu kuliko ule wa 0.5 aliotaja Muuguzi. Siku tano na hiyo faini uko sawa. Na ndiyo maana nasema: wao si kwamba namba yao ilikuwa ndogo. Wao wanapima.

#12 Nguba Bukavu

Nimekubali. Mjomba ndiye aliyeniambia "hata tone", naona anajitishia mwenyewe, na ni vizuri aendelee 😅

#13 Birere Goma

Lakini Rwanda hawakupima pombe tu. Waliweka vidhibiti mwendo kwenye magari ya abiria, wakaweka kamera barabarani, lami yao nzuri, taa zinawaka. Utajuaje ni pombe iliyopunguza ajali na si kamera? Mnachukua jambo moja katika mambo kumi mnalivisha taji. Sisi Goma mtu anaanguka na pikipiki kwenye mawe ya volkano akiwa amekunywa chai.

#14 Fundi Breki

Birere amesema nilichotaka kusema. Nina gereji, kazi yangu ni kutazama magari yaliyoua. Nitawaambia ninachokikuta: breki zimekwisha mpaka chuma kinasugua chuma. Matairi yamekuja kutoka Ulaya yakiwa yameshatupwa huko. Kamyo zinaegeshwa usiku katikati ya njia bila taa, tawi la mti ndilo alama. Na usukani wa kulia! Nchi yetu tunatembelea mkono wa kuume wa barabara, lakini nusu ya magari ninayotengeneza yametoka Dar au Zambia, usukani uko kulia. Dereva akitaka kupita kamyo inambidi atoe gari zima nje ndipo aone kinachokuja. Anamtegemea aliyekaa kushoto amwambie "pita". Aliyekaa kushoto pengine ni mtoto.

Mwezi wa pili 2019, ile kamyo ya asidi iliyogongana na basi kule Kabwe, upande wa Lualaba, watu karibu 20 walikufa, wengine wakachomwa na asidi. Mnataka kuniambia kipimo cha pombe kingezuia yote? Sisemi walevi waachwe. Nasema tukilaumu chupa peke yake, wenye magari mabovu watashukuru.

#15 Dereva RN1

Fundi, uko na haki kabisa yulu ya breki. Lakini ongeza usingizi. Ku Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia, tunapanga mulongo siku mbili, tatu, ine. Unalala mu kabini, unasukuma kamyo mita kumi, unalala tena. Pembeni kunauzishwa lutuku, pombe kali ya kienyeji, mu vikopo, kwa baridi na kwa kuchoka kungojea. Ukipita mupaka, patron anapiga telefone: uko wapi, fika. Sasa mutu huyu akianguka, ni pombe, ni usingizi, ao ni patron?

#16 Muuguzi wa Usiku

Ni vyote vitatu kwa pamoja, ndugu yangu. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anaendesha kama mwenye 0.5 kwenye damu, hilo limepimwa. Ukimwongezea kikopo cha lutuku juu ya usingizi huo, hujumlishi tu, unazidisha.

#17 Mwalimu Likasi

Nimerudi. Nimesoma yote. Kuna watu huku wanaandika vizuri kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho.

Birere ameuliza swali la maana: utajuaje ni pombe? Kuna nchi zilizobadilisha jambo moja tu, kwa tarehe moja inayojulikana, na tunaweza kutazama kabla na baada.

Uingereza ilianza kupima pumzi Oktoba 1967, mpaka wa pombe ukiwa 0.8. Mwanzo vifo vilishuka sana, na vilishuka zaidi saa za usiku za mwisho wa juma, yaani saa za walevi. Kama ingekuwa ni breki au lami, visingechagua saa. Lakini baada ya miaka michache nguvu ikafifia. Madereva waligundua kwamba polisi hawapimi watu wengi. Woga ukaisha, chupa ikarudi.

Scotland, Desemba 2014, walishusha mpaka kutoka 0.8 hadi 0.5. Karatasi nzuri, namba nzuri. Wachunguzi walitazama miaka miwili iliyofuata wakilinganisha na England iliyobaki na 0.8: ajali hazikupungua kwa tofauti yoyote ya maana. Polisi wa kupima hawakuongezwa.

Sasa tazameni New South Wales, Australia. Desemba 1982 waliruhusu polisi kumsimamisha dereva yeyote, hata asiye na dalili, apulize. Wakapima wengi sana, barabarani wazi, watu wakiona. Vifo vilishuka haraka na havikurudi juu kama vya Waingereza.

Kwangu mimi, mulango ya mine ya #4 ni New South Wales. Barabara yetu ni Scotland, tena Scotland bila mashine.

#18 Kijana Katuba

Mwalimu, heshima zote. Lakini umesahau faranga. Hebu weka mashine mkononi mwa yule anayenisimamisha kila siku pale komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, kwa "kosa" la kuwa na vumbi kwenye plaki ya namba. Leo ananiuliza permi, kesho atasema "puliza," na mashine itaandika anachotaka yeye. Umempa kijiko kikubwa zaidi cha kulia.

#19 Mutu wa Sheria

Katuba ana hoja, na Wakenya wa nchi ya Kenya waliiishi. Walileta alcoblow, mashine ya kupuliza, Desemba 2013. Nairobi ilibadilika kwa miezi, watu wakaanza kuacha magari baa. Kisha 2017 korti ikatupa kanuni za hiyo mashine.

#20 Mwana wa Kitwe

Niko Zambia lakini nyumbani ni Kampemba. Ilitupwa kwa sababu ya haki za binadamu, sivyo? Nilisikia kupulizishwa barabarani ni kudhalilisha mtu.

#21 Mutu wa Sheria

Hapana. Korti ya Rufaa iliona kanuni za kipimo zilikwenda mbali kuliko sheria mama. Sheria ya barabara ilitaka uthibitishe dereva ameshindwa kulitawala gari. Kanuni zikataka namba tu. Mtoto hawezi kuwa mkubwa kuliko mama. Mwisho wa 2023 wakakirudisha. Kwa hiyo ukitaka kipimo kisife mahakamani, andika namba ndani ya sheria yenyewe, na uandike jinsi mashine inavyokaguliwa. Hapo hata hofu ya Katuba inapungua: mashine itoe karatasi yenye saa na namba, dereva apewe haki ya kutolewa damu hospitalini akikataa matokeo.

#22 Kijana Katuba

Karatasi inaweza kupotea. Naijua nchi yangu. Lakini hiyo ya damu nimeipenda.

#23 Mwana wa Kitwe

Zambia 2016 walifanya jambo lingine: walizuia mabasi ya abiria kutembea kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja asubuhi. Hawakuhesabu chupa, walifunga usiku. Wasafiri walilalamika sana, mimi mmoja wao, lakini sikuona tena yale mabasi ya usiku wa manane yanayoshindana.

#24 Dada wa Bel-Air

Hapo ndipo ninapotaka kuingia. Nyote mnazungumza adhabu. Hakuna aliyeuliza: mtu akiacha gari, atarudi nyumbani na nini?

Saa saba usiku taxi-bus zimelala. Teksi ya pekee inakutoza bei ya kununua mbuzi, na wewe mwanamke huijui inakokupeleka. Manseba naye pengine amekunywa. Mwenye gari anajua akiliacha mbele ya baa atalikuta halina vioo, halina redio. Kwa hiyo anaendesha. Sijamtetea. Baba yangu mdogo alikufa hivyo, ameshika usukani mwenyewe, na aliacha watoto wanne. Lakini tulipokuwa kwenye kilio chake, usiku wa pili, wanaume walikunywa mpaka alfajiri pale pale kwenye hema, na wakaondoka na magari yao. Nilisimama kwenye geti nikiwahesabu: magari saba. Wote walikuwa wamelia saa chache kabla. Sikupata mdomo wa kumzuia hata mmoja, maana ni wakubwa wangu.

Hilo linaniuma mpaka leo, kuliko sheria yoyote.

#25 Mama Ruashi

Dada, nimekusoma mara mbili. Hata mimi nisingepata mdomo.

#26 Manseba 2 Roues

Jambo. Niko manseba, stasioni yetu iko na watu kama thelathini. Dada #24 amesema "pengine amekunywa." Nakubali, siwezi kuficha. Wapo wanaokunywa vile visasheti vya pombe kali asubuhi, wanasema vinaondoa baridi na woga. Tumbo tupu. Sasheti moja anaona si kitu kwa kuwa ni ndogo kama sabuni ya hoteli.

Na kofia ngumu ya pikipiki: mteja hataki, anasema inanuka jasho la mwingine. Tunaibeba kwenye mkono, tukiona rulaje tunaivaa. Mudogo wa mama Ruashi alikuwa nayo kichwani?

#27 Mama Ruashi

Alikuwa nayo. Imepasuka upande mmoja, nimeiweka nyumbani. Kichwa hakina kitu. Nilimpigia kelele miaka miwili kwa ajili ya hiyo kofia.

#28 Muuguzi wa Usiku

Basi ulimwokoa wewe. Kofia nzuri iliyofungwa vizuri inapunguza hatari ya kufa zaidi ya mara sita. Manseba, waambie wenzako.

#29 Kamalondo Kwetu

Swali nje kidogo: munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, inahesabiwa? Mama mkwe wangu ananijazia kikombe kila nikimtembelea.

#30 Mwana wa Kitwe

Munkoyo mbichi ya siku ile haina neno. Iliyolala siku tatu kwenye ndoo ni kitu kingine, ndugu. Na kibuku, pombe ya nafaka, usijaribu kabisa.

#31 Kamalondo Kwetu

Yake hulala siku tatu. Ndiyo maana narudi nikiimba.

#32 Birere Goma

Mnakumbuka kufyu ya korona? Desemba 2020, saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja asubuhi, nchi nzima. Sheria ya pombe haikubadilika hata neno. Nauliza Muuguzi: usiku ule kazi ilikuwaje?

#33 Muuguzi wa Usiku

Kimya. Tulikunja bandeji tukasimuliana hadithi. Lakini sitakudanganya: magari hayakuwepo kabisa. Siwezi kukuambia ni pombe iliyokosekana au ni barabara iliyokosa watu. Kilichonishangaza ni saa mbili na nusu usiku: wote walikuwa wanakimbia kurudi kabla ya muda, wamekunywa haraka haraka. Saa hiyo ndiyo tuliyopokea watu.

#34 Birere Goma

Unaona! Ukibana huku, inatokea kule.

#35 Mama wa Kopo

Habari za jioni. Nina nganda, baa ndogo, Kamalondo, meza kumi na mbili. Nimesoma yote na naona wenye baa hatujasema kitu.

Miaka mitatu iliyopita mteja wangu wa kila wiki alitoka kwangu akagonga ukuta wa jirani. Alivunjika taya. Mke wake alikuja kesho yake, hakunitukana, alisimama tu mlangoni akanitazama. Tangu siku hiyo nimeweka kopo la maziwa ya Nido kwenye kaunta. Ukiagiza chupa ya pili na una gari, kifunguo kinaingia ndani ya kopo. Nafunga uzi wa rangi: mwekundu meza ya kwanza, bluu ya pili, hivyo hivyo. Kijana wangu analinda magari uani mpaka asubuhi, mwenye gari anamwachia kitu kidogo. Nina manseba wawili wasiokunywa, Wamethodisti, wanarudisha watu nyumbani kwa bei tuliyopatana.

Mwanzo nilipoteza wateja. Walisema mimi si mama yao. Wengine walihamia baa ya jirani, na bado wako huko. Nusu walirudi, na walirudishwa na wake zao.

Sikusaidiwa na polisi, sikusaidiwa na sheria. Lakini Katuba, mimi siombi rulaje asije. Nataka aje asimame mita mia kutoka hapa kila Jumamosi na mashine yake, kwa sababu siku moja alisimama pale kwa jambo lingine kabisa, na wanaume wote wa baa wakaleta vifunguo wenyewe bila mimi kuuliza. Kopo lilijaa, nikaleta la pili.

#36 Dereva RN1

Mama, hiyo njo mulango ya mine yenyewe.

#37 Fundi Breki

Mama wa Kopo, heshima. Bado nasema kuhusu matairi, lakini heshima.

#38 Kijana Katuba

Na wanaokwenda baa ya jirani, nani anawafungia uzi?

#39 Mama wa Kopo

Hakuna. Nawaona wakipita na magari yao mbele ya mlango wangu saa saba usiku. Mmoja hupiga honi kunisalimu.

#40 Mutu wa Sheria

Mama Ruashi, jambo la mwisho upande wangu. Faili la mudogo wako halijafungwa. Majirani walioona kiatu kimoja na kusikia "hapa ni wapi", waandike na watie sahihi sasa, kabla hawajasahau au hawajahama. Omba maelezo yao yaingizwe kwenye maandishi, hata kama hakuna namba ya kipimo. Neno pombe lisomeke pahali fulani kwenye karatasi ile. Nitumie ujumbe wa pembeni, nitakusaidia kuliandika bila malipo.

#41 Mama Ruashi

Aksanti wote, sikutegemea haya. Nimeongea na wawili kati ya majirani, muuza mkate na mlinzi wa geti. Muuza mkate amekubali. Mlinzi anaogopa, anasema mwenye jipu anamjua bosi wake. Kesho nitarudi kwake na mume wangu.

Mama wa Kopo, nitakuja Kamalondo siku ya mungu nikitoka hospitalini. Sinywi, lakini nataka kuliona hilo kopo.

#42 Mama wa Kopo

Karibu. Ulizia tu mama wa vifunguo, hata watoto wa avenue watakuonyesha. Njoo na manseba anayevaa kofia.